Wosia, zawadi au hati ya uwakilishi: mzee aliyekuja Tabora na bahasha ya hati zake achague ipi?

Mzee anayetoka Sikonge au Kaliua kuja mjini kuonana na mwanasheria mara nyingi haji na swali la kisheria. Anakuja na ombi moja: "Niandikieni karatasi, nisije nikafa watoto wakagombana." Karatasi hiyo inaweza kuwa mojawapo ya tatu, na kila moja inamtoa mamlaka mkononi kwa wakati wake. Wosia unamwachia mali yake yote hadi siku ya kufa. Zawadi inaichukua leo. Hati ya uwakilishi, ambayo wengi huiita nguvu ya kisheria, inamruhusu mtu mwingine kutenda kwa niaba yake, na ruhusa hiyo inakoma siku mzee anapofariki au akili yake inapopotea. Mweleze mzee tofauti hii ya wakati kwanza, hata kabla hujamuuliza ana ekari ngapi.

Ulinganisho huu ni wa mawakili vijana na wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wazee Tabora na Kigoma. Mtoto anayemsindikiza mzazi wake naye anaweza kuusoma kwa faida.

| | Wosia | Zawadi akiwa hai | Hati ya uwakilishi |
|---|---|---|---|
| Inaanza kufanya kazi lini | Mzee akifariki | Ikishakabidhiwa | Mzee akiwa hai na akili timamu |
| Mzee akibadili mawazo | Anaandika mwingine | Ni vigumu sana kurudi nyuma | Anaifuta kwa maandishi |
| Akili ikipotea baadaye | Wosia unabaki | Zawadi inabaki | Inakoma |
| Inapoharibika zaidi | Mashahidi wasiotosha, karatasi kupotea | Mzee kubaki bila shamba wala makazi | Mwakilishi kuuza alichopewa kutunza |

Wosia: uhuru mkubwa, masharti mengi

Usianze kuandika kabla hujajua ni sheria ipi itausimamia. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi: kama alifuata mila za kabila lake, kama aliishi kwa misingi ya Uislamu, au kama alikuwa ameacha yote mawili. Kwa hiyo muulize mzee alivyooa, alivyowaoza mabinti, alivyomzika baba yake na nani aligawa mali ya baba huyo. Majibu hayo yana uzito kuliko kabila lililoandikwa kwenye fomu.

Kwa anayeishi kimila, masharti yamo katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, sehemu ya wosia, na wanaoandika kwa haraka hujikwaa hapo. Mzee anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje ya ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mashahidi wenyewe wawe wanajua kusoma na kuandika, na wote wawepo kwa wakati mmoja. Mke au wake waliopo nyumbani siku hiyo nao hushuhudia. Anayerithi hawi shahidi, isipokuwa mke. Wosia uwe na tarehe, uandikwe kwa wino na si penseli, na mzee atie saini au dole gumba. Wosia wa mdomo nao unakubalika mbele ya watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wengine, lakini wosia wa mdomo haufuti wa maandishi. Mzee aliyeandika mwaka juzi na sasa anatamka mengine akiwa kitandani hajabadili kitu.

Sasa chukua mfano. Mzee asiyejua kusoma anakuja na mwanawe wa kwanza na jirani. Ofisi inafungua fomu ya mashahidi wawili iliyozoeleka, wanasaini, wanaondoka. Wosia huo umeanguka mara mbili: mashahidi hawafiki wanne, na mmoja wao ni mrithi. Hakuna atakayelijua hilo mpaka siku mirathi itakapofunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na mwenye kuweza kueleza alichotaka atakuwa kaburini. Kwa hiyo pigeni simu kabla ya siku ya kusaini mhesabu mashahidi. Kama hawatimii, ahirisheni. Nauli ya kurudi mara ya pili inauma, lakini wosia mbovu ni hasara kubwa zaidi kwa mzee kuliko nauli hiyo.

Mzee akitaka kumnyima mtoto urithi, mila inataka sababu nzito, kama kumshambulia mzazi au kumtelekeza katika njaa na maradhi bila udhuru, na sababu hiyo itajwe ndani ya wosia. "Hanisalimii" haitoshi. Mwambie hivyo kwa upole, maana mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna maumivu ya miaka mingi, na mtu asikilizwe kwanza ndipo aelezwe sheria.

Kwa Waislamu, na ni wengi Tabora mjini na Ujiji, wasia hauvuki theluthi moja ya mali baada ya gharama za mazishi na madeni, wala haumwongezei mrithi ambaye tayari ana fungu lake, ila warithi wenzake waridhie. Mzee mwenye ekari 12 zisizo na deni anaweza kuusia 4, basi. Theluthi hiyo ina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mjukuu aliyefiwa na baba hapati fungu iwapo baba zake wakubwa au wadogo wako hai, na bibi na babu wengi ndio wanaolea wajukuu wa namna hiyo. Muulize mzee wazi: "Nani unamlea ambaye hatapata kitu?" Swali hili moja laweza kumwokoa mtoto.

Kwa wasiofuata mila wala sharia ya Kiislamu, hutumika Sheria ya Urithi ya India ya 1865, inayotaka mashahidi wawili wasionufaika. Humo kuna mtego mmoja: kufunga ndoa kunafuta wosia ulioandikwa kabla yake. Mjane wa kiume aliyeoa tena mwaka huu aandike upya.

Kuhifadhi ni nusu ya kazi. Sanduku la chini ya kitanda, katika nyumba ya udongo na mchwa wa Tabora, halifai. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea na kutunza wosia, na benki na ofisi ya wakili pia zinaweza. Mzee amwambie mtu mmoja anayemwamini mahali ulipo, bila kumwambia yaliyomo.

Zawadi: haina kesho

Wazee wengi wanaipenda zawadi kwa sababu wanataka kuona kwa macho yao. Baba anamwita kijana, wanakwenda shambani, anaonyesha mpaka wa mwembe hadi kichuguu, na mambo yameisha. Hoja hiyo ni ya kweli. Mgawo unaofanywa na mwenye mali mwenyewe, mbele ya majirani, una heshima ambayo karatasi inayosomwa baada ya arobaini huenda isiipate.

Tatizo liko kwenye chakula. Kwa mzee ambaye shamba ndilo ghala lake, kulitoa ni kuhamia kwenye huruma ya mtoto, na hata mtoto mwema hufiwa, huhama, au huoa mtu asiyemjua mzee. Kijana akikopa na kuweka shamba rehani, mkopeshaji hatauliza babu anakula nini. Ndiyo maana, tukilinganisha hizi tatu, zawadi inapaswa kufikiriwa mwisho kwa mzee asiye na pensheni wala kipato kingine. Msimamo huu mweleze mzee waziwazi, kisha umwache aamue, maana mali ni yake.

Akiamua kutoa, fanyeni haya. Nyumba anayolala isiguswe. Atoe shamba la pembeni. Kama ni lazima nyumba iingie, andikeni ndani ya hati kwamba yeye na mwenzi wake wana haki ya kuishi humo hadi kufa, vyumba vipi, na mazao ya miti ipi ni yao. Kigoma hilo la mwisho lina thamani, kwa sababu michikichi kumi tu inaweza kumpa bibi mafuta ya kula na ya kuuza. Kwa ardhi ya kijiji, uhamisho upite halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kama kuna Hati ya Hakimiliki ya Kimila, mabadiliko yaingie kwenye rejesta. Karatasi iliyosainiwa kwa mwenyekiti wa kitongoji peke yake haijamaliza kazi. Kwa nyumba ya ndoa, mwenzi lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mmoja kuihamisha bila ridhaa ya mwingine. Mwenzi huyo aulizwe peke yake, siyo kwa kuitikia kichwa akiwa amekaa nyuma ya mumewe.

Hiba, yaani zawadi ya Kiislamu, ina nguzo tatu: kutoa, kupokea na kukabidhi. Baba aliyesema "nimekupa" lakini akaendelea kulima na kuuza mwenyewe, hiba yake haijatimia. Iliyotolewa akiwa katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wasia, na kikomo cha theluthi kinarudi. Kwa madhehebu ya Shafi, mzazi anaweza kurejesha hiba aliyompa mwanawe ikiwa bado iko mikononi mwa mwana. Asilitegemee sana: shamba likishauzwa, hakuna cha kurejesha.

Kuna hali moja ambapo zawadi inaushinda wosia. Mzee ana binti aliyemuuguza, na anajua wanaume wa ukoo watamwondoa siku ya matanga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, lakini binti aliyefiwa juzi hana nguvu ya kuanza kesi. Eneo lililoandikwa kwa jina lake baba akiwa hai, mbele ya halmashauri ya kijiji, ni gumu zaidi kunyang'anywa. Ekari mbili za namna hiyo zinamfaa kuliko kumi zilizoahidiwa kwenye wosia utakaogombewa.

Hati ya uwakilishi: kwa kazi, si kwa mali

Hii inafaa pale miguu imechoka lakini kichwa kiko sawa. Bibi ana chumba cha kupangisha Isevya na yeye yuko Urambo. Mstaafu wa reli hawezi tena kupanda ngazi za benki. Mzee ana kesi ya mpaka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na hawezi kusafiri kila inapotajwa.

Kosa kubwa ni kuichukulia kama kinga ya uzee wenyewe. Familia nyingi hutaka "nguvu ya kisheria" mzee anapoanza kusahau, zikidhani itaendelea akishasahau kabisa. Haiendelei. Chini ya Sheria ya Mikataba, uwakilishi unakoma aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu, na anayeendelea kuutumia anafanya bila mamlaka. Ikifika hapo, njia ni kuomba mahakama iteue wa kusimamia mali chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Na kama mzee ameshapoteza fahamu za mambo yake siku alipoletwa, hakuna hati ya kusaini, hata familia nzima ikikubaliana.

Hati nzuri ni finyu. Andika namba ya kiwanja, kazi inayoruhusiwa (kupokea kodi, kulipa bili, kuhudhuria shauri namba fulani), na sentensi ya wazi kwamba mwakilishi hana ruhusa ya kuuza, kuweka rehani wala kutoa zawadi. Weka tarehe ya mwisho, tuseme miezi 12. Mtake mwakilishi amwonyeshe mzee hesabu kila mwezi. Hati miliki halisi ibaki kwa mzee. Mwakilishi hahitaji kuwa nayo ili apokee kodi. Inayohusu ardhi iliyosajiliwa huandikishwa kwa Msajili wa Hati, na ikifutwa, kufutwa kwake kuandikishwe pia, kisha benki na wapangaji wapewe nakala. Kuifuta kwa kugombana na mwakilishi uani hakumzuii kuitumia mjini.

Mzee peke yake, au na aliyemleta?

Aliyelipa nauli na ada anaweza kuwa mtoto. Mteja ni mzee. Kanuni za maadili za mawakili za 2018 zinadai uaminifu na usiri kwa mteja, na hakuna ada inayouhamisha uaminifu huo. Kuongea na mzee mbele ya mwanawe kunamtuliza na kunasaidia kumbukumbu. Kuongea naye peke yake ndiko kunakotoa ukweli. Fanya vyote kwa mpangilio: karibisha wote, shikamoo na habari za nyumbani zichukue muda wake, pokea maelezo ya jumla, kisha umwambie aliyemsindikiza, "Asante kwa kumleta mzee wetu. Sasa naomba dakika ishirini na yeye." Sema hivyo kwa kila familia, na hakuna atakayejiona ameshukiwa. Anayegoma kutoka amekupa habari muhimu.

Mkiwa wawili, muulize: una mali gani, watoto wako ni nani na nani, leo unataka kufanya nini, nani atakosa na kwa nini. Mzee anayeyajibu kwa maneno yake anajua anachofanya, hata kama amesahau leo ni tarehe ngapi. Usichanganye uziwi na upungufu wa akili. Kaa mbele yake, mwanga ukuangazie wewe usoni, zima feni, ongea taratibu kwa sauti nzito badala ya kupiga kelele. Asubuhi ni bora kuliko saa nane mchana, na mwezi wa Ramadhani panga mapema zaidi. Ukiona dalili kwamba uwezo wake utakuja kupingwa, apimwe na daktari siku hiyo hiyo au iliyo jirani, hospitali ya Kitete kwa Tabora au ya Maweni kwa Kigoma, na barua ikae kwenye faili pamoja na maelezo yako ya alivyojibu.

Swali la mwisho ni la usalama: "Ukirudi nyumbani leo, nani atauliza ulikuwa wapi?" Huku magharibi, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na shamba zuri ameweza kuitwa mchawi. Akisita kujibu, usimpe nakala ya kubeba, usimpigie kwenye simu ya mjukuu, na umwelekeze, kwa ridhaa yake, kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia la polisi.

Ofisini kwako, au nyumbani kwake?

Nyumbani mzee ana nguvu zaidi, anakumbuka mipaka, na karatasi zilizosahaulika hutoka sandukuni. Lakini nyumbani kuta zina masikio. Njia ya kati inafanya kazi vizuri: maelezo na ukaguzi wa mali nyumbani, kusaini ofisi ya kijiji au kwa wakili, siku nyingine. Pengo la siku saba kati ya kuafikiana na kusaini linampa mzee nafasi ya kughairi bila kumkatalia mtu usoni. Wanaosisitiza "leo leo" ndio wa kuogopa, isipokuwa mgonjwa yuko mahututi.

Lugha nayo ni sehemu ya huduma. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwandikia mzee wa Nzega hati ya Kiingereza. Tumia herufi za ukubwa wa 14 au 16. Kama anaelewa Kinyamwezi au Kiha zaidi, mkalimani awe mtu asiyerithi, na jina lake na saini viwe kwenye hati pamoja na maneno kwamba alimsomea na mzee akaelewa. Isome yote, kisha umwombe mzee akueleze wewe ilichosema. Dole gumba la mkulima huwa limelika. Lipanguse, lipake wino kidogo, ulibingirishe kutoka upande hadi upande badala ya kuligandamiza.

Msaidizi wa kisheria au wakili?

Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, msaidizi wa kisheria hatozi ada wala hamwakilishi mtu mahakamani. Anaelimisha, anapatanisha, anamwelekeza mzee ofisi sahihi, na mara nyingi yuko kata hiyo hiyo. Hati za uhamisho, uwakilishi na viapo zipelekwe kwa wakili. Wakili aandike gharama zote mapema kwenye karatasi moja, kwa tarakimu na kwa maneno, na asikubali kulipwa kwa kipande cha shamba hilo hilo analoliandikia. Akiombwa kuandika wosia ambamo yeye mwenyewe ametajwa, ampeleke mzee kwa wakili mwingine.

Nani achukue ipi

Mzee wa Uyui mwenye ekari 12, wake wawili, hana pensheni: wosia, mashahidi wanne kama hasomi, na wake wote wawili wakiwepo. Hata akisisitiza kugawa sasa, atoe kwanza kipande ambacho mwana tayari anakilima.

Mstaafu wa Kigoma mjini mwenye nyumba mbili na magoti mabovu: hati finyu ya uwakilishi kwa ajili ya kodi, na wosia wake kando. Hizo mbili hazigongani, kwa sababu moja inakoma pale nyingine inapoanza.

Bibi mjane wa Kasulu anayelea wajukuu watatu kwenye shamba alilolinunua mwenyewe: kwanza hakikisheni shamba limeandikwa kwa jina lake. Asipokuwa na hati, anza na ofisi ya kijiji kabla ya wosia wowote, maana warithi wa mume watakuja na hoja kwamba ni ardhi ya ukoo. Wauzaji na mashahidi wa manunuzi wakiwa bado hai, waandike maelezo yao sasa.

Na yule aliyeletwa na mtoto mmoja, wengine hawajui, karatasi ikiwa tayari imechapwa: isome karatasi hiyo, msikilize mzee peke yake, kisha mpange tarehe nyingine.